Lifti ya Ofisi Tatu

Mkaguzi alipopangiwa jengo lile, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa mkuu wake kumweleza kwamba dada yake wa tumbo moja anafanya kazi humo humo, masjala ya Ardhi, ghorofa ya nne. Mkuu akamuuliza huyo dada ana cheo gani. Akaambiwa ni karani tu, anatunza majalada. Mkuu akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akasema kama kila mwenye ndugu karani angekaa pembeni, basi pale ofisini pasingebaki mtu wa kukagua hata choo. Akamwambia aende, si yeye ndiye Rula?

Rula ni jina alilobandikwa na wenzake, na hawakulitoa kwa kumsifu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa uso, asiyejua kupiga soga na watu anaowakagua. Wenzake wakifika ofisi ya watu hukaribishwa, hukalishwa, hupoozwa kwa soda baridi, na mpaka soda inaisha ukaguzi nao umeshapoa. Yeye alikuwa hakubali hata kiti kabla hajakiona kwa macho kile alichokuja kukitazama. Akiandika kwamba kitu kipo, basi kipo. Akiandika hakipo, mtu hajisumbui kukitafuta.

Safari hii serikali ilitaka kujua ofisi zake zinazokaa chini ya paa moja zinavitunzaje vitu zinavyovitumia pamoja. Jengo lilikuwa la ofisi tatu. Maji walikaa chini na ghorofa ya kwanza, Usajili wakashika ya pili na ya tatu, Ardhi wakawa juu yao. Kila ofisi na bosi wake, na bajeti yake, na dereva wake wa kusinzia kwenye maegesho. Vya pamoja vilikuwa jenereta, tangi la maji juu ya paa, ukumbi wa mikutano, ngazi, na lifti moja.

Alianza na jenereta, akakuta banda lake lina makufuli matatu mlangoni. Jenereta yenyewe ilinunuliwa na Usajili, betri ilikuwa ya Ardhi, mafuta walitoa Maji, na kwa kuwa kila mmoja alimshuku mwenzake kwa wizi, kila mmoja alileta kufuli lake. Umeme ukikatika ilibidi wenye funguo wote wapatikane kwa mpigo, na hakuna aliyekumbuka siku walipopatikana. Ukumbini viti vilipigwa rangi mgongoni, rangi ya kila ofisi, na Mkaguzi alishuhudia mtu mzima wa Maji akisimama mkutano mzima kuliko kukalia kiti cha Usajili. Kwenye korido ya chini, ambayo ni ya Maji, Ardhi walikuwa wamerundika makabati yao mabovu, hata watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Yote hayo aliyaandika bila kutabasamu.

Kisha akaifikia lifti.

Haikuwamo kwenye rejesta ya mali ya ofisi yoyote. Maji walisema wao wako chini, lifti ya nini. Usajili walisema waliikuta. Ardhi walisema ya jengo, na jengo si lao. Sababu ilikuwa wazi: atakayeiandika kuwa yake ndiye atakayeitengeneza, kwa hiyo walitupiana mpira mwaka hadi mwaka, na lifti ikaendelea kupanda na kushuka kama mtoto wa kambo anayekula popote. Mkaguzi aliita fundi. Wakapanda pamoja mpaka kile chumba cha juu ya paa, fundi akafungua kifuniko na kummulikia. Kamba za chuma zilikuwa zimechanua nyuzi kama ufagio uliochakaa. Fundi alizishika kwa vidole viwili tu.

"Hii inangoja siku," alisema.

Mchana huo huo Mkaguzi alikwenda masjala kwa dada yake.

Dada alipata polio akiwa bado hajaota meno yote, ikamwachia miguu miwili isiyomsaidia kitu na mikono ya mbeba mizigo. Alitembea kwa magongo. Mama yao alipofariki, Dada ndiye aliyewalea wadogo zake, Mkaguzi na kaka yao, na aliwalea kwa mdomo kuliko kwa fimbo, maana alikuwa na mdomo wa kumchekesha maiti. Masjala ilikuwa chumba chembamba cha rafu ndefu na vumbi, lakini kicheko chake kilisikika mpaka kwenye korido, na watu waliokuja kufuata jalada walichelewa kutoka.

Mkaguzi alimweleza hali ilivyo. Dada akamsikiliza huku akifunga kamba ya jalada kwa meno.

"Ukiifunga, mimi nitapandaje?"

Mkaguzi akasema atahakikisha kwanza anapewa meza ghorofa ya chini. Dada akauliza atahakikisha kupitia kwa nani. Alipotajiwa bosi wake, alikohoa kidogo, akasema haya. Kisha akasema yeye na lifti ile wamezoeana, ikitetemeka anashika ukuta, ikikwama anaimba, basi mdogo wake angewaacha tu walivyo.

"Na ikikatika?"

"Nitafika chini mapema kuliko siku zote."

Mkaguzi hakucheka. Alikwenda kwa bosi wa Ardhi, na huyo wafanyakazi wake walimwita Asali, nyuma ya mgongo wake na kwa sauti ya chini. Hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Alikuwa mtu wa kukuuliza watoto hawajambo, mmoja mmoja, huku mkono wake wa kulia ukisaini barua ya kukupeleka kituo ambacho hata basi haliendi. Alimpokea Mkaguzi kwa mikono miwili. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Akasema suala hilo hata halikuhitaji kuombwa, maana ofisi ni familia.

"Kabla kufuli halijafungwa, dada yetu atakuwa na meza chini. Hilo niachie mimi."

Dada yetu, alisema. Mkaguzi akashukuru akatoka. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikubali neno la mtu bila kwenda kukiona kitu chenyewe.

Ripoti yake ilikuwa na mapendekezo mengi, na mawili ndiyo yanayotuhusu. Moja lilisema lifti ifungwe mara moja mpaka ofisi moja itakapoandikwa kuwa mmiliki na kuitengeneza. Lingine, kwa sababu ya yale makabati koridoni, lilisema ofisi yoyote isitumie nafasi ya ofisi nyingine bila mkataba uliotiwa saini. Yote mawili yalikuwa sahihi. Ungempa mkaguzi mwingine yeyote kazi hiyo, angeandika hayo hayo.

Lifti ilifungwa kwa mnyororo. Makabati yakaondolewa. Dada hakuhamishwa.

Aliposubiri akachoka, alikwenda kuuliza. Asali alimkalisha kiti, akaagiza aletewe maji ya kunywa, akamwambia jinsi anavyojisikia vibaya. Kisha akaichukua ripoti na kumsomea lile pendekezo la nafasi ya ofisi nyingine, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa. Chini ni kwa Maji. Maji hawajatia saini mkataba. Aliyeandika ni mdogo wake mwenyewe, tena mkaguzi hodari. Je, alitaka yeye Asali aende kinyume na ukaguzi? Dada akasema hataki. Asali akamfungulia mlango kwa mkono wake.

Kwa Mkaguzi Dada hakusema kitu. Alipopigiwa simu alisema mambo safi. Mkaguzi akauliza meza mpya iko upande gani, naye akajibu iko mahali pazuri, akageuza maneno, akauliza kama bado anakonda. Kazini watu walikuwa wameshaanza kumchomekea maneno, kwamba ni mkaguzi gani huyo anayemfungia dada yake lifti, na Dada alikuwa hataki kumpa mtu yeyote sababu ya kulitaja jina la mdogo wake. Mkaguzi naye alikuwa safarini, wilaya hadi wilaya, akihesabu matrekta yasiyo na magurudumu. Aliridhika na mambo safi.

Muda wa ufuatiliaji ulipofika, alirudi kwenye jengo lile kuona kama hoja zake zimefanyiwa kazi. Alifika asubuhi, watu wakiingia kazini. Akaanza kupanda ngazi. Alipopita ghorofa ya pili aliona watu mbele yake wanapinda, kila anayefika kwenye kona anajibana ukutani kisha anaendelea, jinsi watu wanavyokwepa ndoo ya mfagizi.

Alikuwa Dada. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mgongo ukiangalia juu, uso ukiangalia wanaopanda. Magongo ameyafunga mgongoni kwa kitambaa. Chini ya makalio ana kipande cha kadibodi. Alikuwa akiweka viganja kwenye ngazi ya juu yake, anajisukuma, anajivuta na kadibodi yake, miguu inafuata. Kisha anapumzika. Kisha tena. Chini ya sketi alikuwa amevaa suruali, na suruali ilikuwa imetoboka kwa kusuguliwa na saruji.

Mtu mmoja alikwepa ncha ya gongo lake akasema samahani Dada bila kusimama. Nyuma yake walipanda vijana wawili wa Usajili. Mmoja aliitazama saa yake, akamwambia mwenzake kwamba leo ameshinda yeye, maana alikuwa amebahatisha kwamba Dada hatavuka kona hii kabla ya kengele ya kazi. Mwenzake akaegemea ukuta, akabana pua, akatoa sauti nyembamba ya lifti inayofika.

"Ting. Ghorofa ya tatu, tafadhali shukeni."

Watu wa nyuma wakacheka. Na Dada akacheka nao, mdomo wazi, kama siku zote, huku jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Halafu akamwona mdogo wake, na kicheko kikakatika.

Mkaguzi aliinama kumshika kwapani.

"Usiniguse."

"Dada, nikunyanyue tu mpaka hapo juu."

"Wakiniona nimebebwa, kesho wataandika kwamba siwezi kazi. Wanangoja hilo tu." Alikuwa anaongea taratibu, bila kusogeza midomo, akiwatabasamia watu wanaopita. "Wewe umekuja kazini. Pita."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Pita, nimesema."

Ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwapeleka kuoga. Mkaguzi akajibana ukutani kama wenzake, akapita. Njia nzima ya kupanda alisikia nyuma yake viganja vikipiga saruji, kimya, kisha viganja.

Asali alikuwa na chai mezani, na ukutani nyuma yake kulikuwa na cheti kipya chenye fremu. Jengo lao lilikuwa limetangazwa kuwa jengo la mfano katika utunzaji wa mali za pamoja, na alitaka Mkaguzi ajue kwamba sifa zote ni zake. Jenereta sasa ina kufuli moja. Viti vimepakwa rangi moja. Koridoni unapita hata na kitanda. Lifti imefungwa kama alivyoagiza, na suala la mmiliki liko kwenye majadiliano.

Mkaguzi hakuigusa chai. Alisema kuhusu meza ya dada yake waliongea, na aliahidiwa.

Asali alifikiri kidogo, kweli kabisa kama mtu anayejitahidi kukumbuka. Akasema waliongea mambo mengi siku ile.

"Lakini kama unataka tuliandike, tuliandike," akasema. "Kwamba mkaguzi, kabla hajatoa ripoti yake, alikuja ofisini kwangu kuniomba nimsaidie dada yake. Mimi halinidhuru. Nakufikiria wewe tu."

Alisema hivyo kwa upole mno, akamsogezea sukari.

Mkaguzi hakuwa amewahi kuitazama ahadi ile kwa upande huo, na alipoitazama aliona kwamba mtu huyu hajadanganya hata neno. Alikuja. Aliomba. Mtu mwingine angefanya hivyo, yeye mwenyewe angemwandika aya nzima. Akafikiria kuiacha hoja ya lifti wazi, kwa kuwa mmiliki hajapatikana, jambo alilokuwa na haki nalo kabisa. Lakini hoja ikibaki wazi ataulizwa sababu, na akiulizwa sababu, mtu huyu aliyekaa mbele yake atajibu. Jina la Rula lingevunjika katikati. Lilikuwa jina la kejeli, lakini hakuwa na lingine, na kwa jina hilo alikuwa anapandishwa cheo mwaka ule.

Akachukua kalamu. Kwenye mstari wa lifti akaandika kwamba pendekezo limetekelezwa, lifti imefungwa, hoja imefungwa. Akatia saini.

Aliposhuka, Dada alikuwa amefika ghorofa ya tatu, anahema, ameweka kichwa kwenye chuma cha ngazi. Akamuuliza kama amemaliza. Mkaguzi akasema amemaliza. Dada akasema haya, akaweka viganja nyuma, akaendelea.

Siku zilizofuata Mkaguzi alijiahidi kulipeleka jambo kwa mkuu wake, na kweli alilipeleka, kwa kulizungusha. Mkuu hakucheka safari hii. Alimshauri asichokonoe jengo lililokwisha kupewa cheti. Mkaguzi alijiambia atatafuta njia nyingine, na kila wiki njia hiyo ilikuwa ya wiki ijayo.

Dada alianguka asubuhi moja ngazi zilipokuwa zimepigwa deki na hazijakauka. Kiganja kiliteleza, akabingirika mpaka kwenye kona, mkono wa kulia ukavunjika juu ya kifundo. Waliokuwa nyuma yake walimpisha. Ndivyo alivyosimulia yeye mwenyewe: walinipisha, wana adabu.

Asali alikuja hospitali saa ya kutazama wagonjwa, na matunda kwenye mfuko, akawasalimia wagonjwa wa vitanda vyote kabla ya kufika kwa wake. Mkaguzi alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Asali aliwapa pole wote wawili. Akasema ofisi imehuzunika, na kwamba haingekuwa ubinadamu kumrudisha mtu kama huyu kwenye zile ngazi. Akatoa karatasi za kustaafu kwa sababu za afya. Kisha, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, akatoa mfukoni kidau cha wino, akakifungua, akakiweka juu ya shuka.

Dada alikitazama. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wake majalada ya nusu ya viwanja vya mji ule.

"Naweza kujaribu kwa kushoto," alisema.

"Usijitese," akasema Asali. "Dole gumba linatosha."

Akamshika mkono wa kushoto mwenyewe, akalichovya dole, akalibonyeza kwenye karatasi, pale na pale na pale, akalifuta kwa leso yake. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitazama. Mkaguzi naye alitazama. Alikuwa na maneno mengi mdomoni, na kila neno aliloliinua aliliona linarudi kumwangukia yeye, basi hakulisema hata moja. Asali alipoaga, alimpa Mkaguzi mkono, naye akaupokea.

Dada alihamia kwa kaka yao. Mkaguzi alimwomba aje kwake, kuna chumba, kuna nafasi, hakuna ngazi. Dada alimjibu kwamba kwake kuna kimya sana.

Haikupita muda, ikasikika kwamba mkubwa mmoja kutoka wizarani atakuja kulitembelea jengo la mfano. Mkubwa huyo alikuwa na goti bovu. Mabosi watatu wa jengo wakakutana asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubaliana: lifti ni ya Ardhi, gharama watachanga wote. Fundi yule yule aliitwa. Akafunga kamba mpya, akabadilisha breki, akaweka na kioo ndani ili mtu ajitazame anapopanda. Mkaguzi alialikwa siku ya ufunguzi, akasimama nyuma ya yule mkubwa. Asali alimgeukia mbele ya watu wote akasema haya ni matunda ya kazi yake, akamsogeza kwa kumgusa mgongoni aingie. Akaingia. Lifti ilipanda laini, haikutetemeka, na wote wakatabasamiana kwenye kioo.

Jumapili yake alikwenda kumwona dada yake. Alimkuta sebuleni kwa kaka yao, plasta imetolewa, mkono umepona umepinda kidogo, anashindwa kushika gongo la upande huo vizuri. Dada alimkaribisha kwa adabu. Alimwagizia chai kwa wifi yao, akaulizia kazi, akaulizia cheo kipya, akampongeza. Hakuna utani hata mmoja uliomtoka. Alimwita Mheshimiwa Mkaguzi, na Mkaguzi akangoja acheke, hakucheka.

Walikaa. Watoto wa kaka yao walikuwa wanagombana nje. Dada akaweka kikombe chini.

"Lifti yetu ile, bado imefungwa?"

Mkaguzi aliona mbele yake kile kioo.

"Bado," akasema.

"Vizuri." Dada aliitikia kwa kichwa, akimtazama usoni. "Maana ni hatari."

Hakuuliza lingine. Mkaguzi alimaliza chai yake, akaaga, akambusu dada yake shavuni, shavu likawa limepoa kama la mgeni. Wifi yake alimsindikiza mpaka getini. Walipofika, wifi alisita, akarekebisha kitasa kisichohitaji kurekebishwa. Akasema hapendi kuingilia ya mtu na dada yake, lakini afadhali ajue. Siku ile lifti ilipowashwa, wenzake Dada wa masjala walimpigia simu wakiwa ndani yake, wote kwa pamoja, wakampa asikilize inavyopanda. Dada aliisikiliza mpaka ikafika juu, akawashukuru, akakata simu.

"Amekuwa akingoja uje," wifi akasema, "aone utamwambia nini."

Kisha akafunga geti.